Kizuizi Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Dari la chumba cha hadubini limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, na ndoo ni ileile.

Nimenunua daftari hili kwa sababu daftari la kazi si langu. Kila ukurasa wake una namba, kila ukurasa unatiwa sahihi na Profesa, na ukiandika humo kwamba umechoka utaambiwa uchovu si data. Basi humu nitaandika yasiyo data.

Leo walikuja wazazi. Profesa huwaalika mara mbili tatu kwa mwaka, maana watoto wao ndio sababu ya maabara yetu kuwepo. Ugonjwa wenyewe nikiueleza kwa lugha ya jikoni ni hivi: kila seli ya mwili ina vifuko vidogo vyenye tindikali, vinaitwa lisosomu. Taka za seli huingia humo, huvunjwavunjwa, na vipande vinavyofaa hurudishwa kazini. Kwenye utando wa kifuko kuna protini iliyo kama mlango. Sisi tumeizoea kwa jina la Bawabu. Kwa watoto hawa Bawabu hafungi. Mlango uko wazi mchana kutwa usiku kucha, vifuko vinavuja, na mtoto aliyekwisha kukimbia anarudi kutambaa. Kazi yetu ni kutafuta kemikali ya kuufunga mlango huo. Tumejaribu mia mbili na kitu. Tegemeo ni kizuizi namba arobaini na moja.

Kati ya wazazi alikuwapo mwalimu wa hesabu, na binti yake wa miaka sita. Mtoto alitembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, mikono kaitanua kama anayepita juu ya ukuta mwembamba. Mwalimu alisubiri wenzake wamalize kushukuru, ndipo akauliza:

"Profesa, mnajuaje kwamba dawa yenu inafunga huo mlango, na si kwamba inafanya kitu kingine kabisa?"

Profesa akatabasamu. "Swali zuri, Mwalimu. Tunajua."

Mwalimu akasema kuna hospitali nyingine inafanya majaribio ya tiba tofauti, na binti yake amepewa nafasi, na kwa miezi mitano sasa yeye Mwalimu anaiahirisha. Akiingia kule hataruhusiwa kuingia kwetu.

"Subiri yetu," Profesa akamwambia, na akamshika mkono. "Kabla ya mwaka kwisha."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Lile "tunajua" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tunajuaje? Nimepekua madaftari ya miaka miwili. Tumepima mng'ao wa rangi ndani ya vifuko, tukihesabu kwamba ukishuka ndipo mlango umefungwa. Ukitia arobaini na moja, mng'ao unashuka. Kila mara unashuka. Lakini sijaona mahali tulipojaribu kwenye seli zisizo na Bawabu kabisa. Hilo ni jambo la kwanza ambalo Profesa mwenyewe alinifundisha, miaka tisa iliyopita, nikiwa sijui hata kushika pipeti.

Nilimuuliza mwanafunzi wetu wa uzamivu. Huyu tunamwita Ndiyo-Profesa, kwa sababu zilizo wazi.

"Profesa alisema haina haja," akajibu, macho kwenye kompyuta.

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona Profesa alisema haina haja."

Mtu mzima, ndevu zimeota, uti wa mgongo haujaota.

Jumatatu, 17 Machi

Ziko! Kwenye tangi la nitrojeni, sanduku la nne, vichupa sita vya seli zilizokatwa jeni ya Bawabu. Mwandiko ni wa Ndiyo-Profesa. Kumbe alizitengeneza mwenyewe na hakusema. Nimeyeyusha kichupa kimoja na kuzilaza kwenye sanduku la joto.

Alhamisi, 20 Machi

Zinakua. Ndoo mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme ulikatika Jumamosi saa nne asubuhi, jenereta ikagoma kuwaka, na hakuna aliyepigiwa simu. Leo seli zote zimekufa, zinaelea kama ukoga. Wiki nzima imekwenda na maji. Nimeupiga teke mlango wa stoo, nikaumia kidole gumba, mlango wala haujali.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Nilipomweleza alisema, "Kwa hiyo nyinyi wasomi wote mmeshindwa kuweka betri?" Nilimnunia hadi chai ikapoa. Kisha akasema atakuja nayo.

Jumatatu, 31 Machi

Betri imefungwa. Kichupa cha pili kimeyeyushwa. Profesa alipita, akaiona betri, akampongeza mume wangu kwa simu. Hakuuliza ninakuza nini.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi niliandaa sahani mbili. Ya kushoto, seli za wagonjwa. Ya kulia, seli zilizong'olewa Bawabu. Zote nikazitia arobaini na moja, kipimo kilekile, dakika ileile. Hesabu yake ni nyepesi: kama dawa inafanya kazi kwa kufunga mlango, basi penye ukuta usio na mlango haina cha kufunga. Mng'ao wa kulia ungebaki palepale.

Haukubaki. Ulianza kushuka dakika ya tano. Ya kumi, ya ishirini, hatua kwa hatua na wa kushoto, kama mapacha waliovalishwa sare.

Nilicheka. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilicheka peke yangu mle chumbani, tone likidondoka ndooni. Halafu nikakaa kwenye kigoda na hasira ikanipanda kuanzia miguuni. Miaka miwili! Maonyesho, hotuba, picha ya Profesa ukutani na kichupa mkononi. Kila siku tumepima, na hakuna hata siku moja tuliyouliza swali ambalo mwalimu wa shule aliliuliza kwa sentensi moja.

Jumanne, 8 Aprili

"Profesa, naomba dakika kumi."

"Una tano."

Nikamwekea grafu mezani. Aliitazama muda mrefu kuliko hizo tano. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Seli hizi umezitoa wapi?"

"Tangini. Sanduku la nne."

"Zimekaa humo zaidi ya mwaka. Zimechafuka."

"Nimezipima, Profesa. Ni safi, na Bawabu hayumo."

"Rudia."

"Nikirudia zikaleta jibu hilihili?"

"Nimesema rudia, mwanangu."

Huniita mwanangu anapotaka ninyamaze. Nimerudi kwenye meza yangu. Mbaya zaidi, sehemu fulani yangu ilitaka awe sahihi. Nilitaka ziwe zimechafuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudia. Jibu ni lilelile.

Jumatano, 16 Aprili

Mara ya tatu. Safari hii nilitia rangi nyingine, inayopima tindikali tu. Sasa naelewa kinachotokea, na ni jambo la aibu kwa wepesi wake. Arobaini na moja inaingia ndani ya kifuko, inanasa humo, inajilundika, na inaiua tindikali kama majivu yanavyoua ukali wa ndimu. Rangi yetu ya kwanza inahitaji tindikali ili ing'ae. Tindikali ikifa, mng'ao unakufa. Mlango uko wazi vilevile.

Hatukufunga mlango. Tulizima taa, tukasema hatuoni kinachovuja.

Na kifuko kisicho na tindikali hakivunji taka. Yaani mtoto akipewa kitu hiki huenda kikamzidishia.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Wetu amefika ya arobaini na moja na bado anapigiwa makofi.

Jumanne, 22 Aprili

Leo Profesa alifunga mlango wa ofisi kabla sijakaa.

"Nimeziona zote tatu," akasema. "Kazi nzuri, safi. Iweke kando kwanza."

"Niiweke kando mpaka lini?"

"Maombi ya kuanza majaribio kwa watoto yanajadiliwa mwezi ujao. Yakipita, tutapata muda wa kurekebisha. Namba arobaini na moja inaweza kuwa na ndugu zake walio bora. Sayansi ni njia ndefu."

"Profesa, hii si njia ndefu. Hii si njia."

Hapo akasimama. Nilidhani atanifokea. Badala yake sauti ilimshuka. "Unajua miaka kumi na moja ya kazi hii ni nini? Nilimzika mama yangu Jumatano. Alhamisi nilikuwa hapa nazilisha seli. Unadhani sikuumia nilipoona grafu yako? Sikulala."

Nilimhurumia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu huruma hiyo ilinitia hasira zaidi: alikuwa akinikabidhi msiba wake ili nimbebee uongo wake.

"Kuna mtoto wa Mwalimu," nikasema. "Ana nafasi kwingine. Anaikataa kwa ajili yetu."

"Wazazi wanahitaji tumaini."

"Huyu alihitaji jibu. Aliuliza, ukamwambia tunajua."

Akaketi, akafungua faili. "Kuanzia kesho utasaidia chumba cha kuoshea vyombo. Mpaka utulie."

Jumatano, 23 Aprili

Nimeosha chupa.

Alhamisi, 24 Aprili

Chupa.

Ijumaa, 25 Aprili

Chupa. Mvua imeingia hadi kwenye korido, wakaniita nipige deki. Nimesomea kazi hii miaka minne.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimegombana na mume wangu. Nilikuwa nikimlaani Profesa, nikimlaani Ndiyo-Profesa, nikilaani dari. Akanisikiliza huku anakwangua kutu kwenye bomba, kisha akauliza, "Yule mwalimu umemwambia?"

"Si kazi yangu kumwambia. Kuna utaratibu."

"Sawa. Nimeuliza tu."

"Ukisema 'nimeuliza tu' maana yake hukuuliza tu!"

"Mimi nikikuta jokofu la mtu linavuja gesi," akasema, "simwambii bosi wangu halafu nikaenda kuosha spana. Namwambia mwenye nyumba afungue madirisha."

Nikamwambia aende akaoe majokofu yake. Nimekaa chumbani. Najua anachosema ni kweli, ndiyo maana sitaki kumwona. Sisemi kwa kuwa naogopa. Nimekuwa nikimcheka Ndiyo-Profesa kwa woga wake, na mimi nimekaa na grafu tatu kwenye begi tangu katikati ya mwezi, nazitembeza kwenda na kurudi kama mtoto wa shule asiyefanya kazi ya nyumbani.

Ijumaa, 2 Mei

Ndiyo-Profesa alikuja chumba cha kuoshea. Akafungua bomba maji yapige kelele, akatoa kurasa nne kwenye shati. Tarehe zake ni za mwaka juzi, mwezi wa Novemba. Sahani mbili. Mistari miwili. Mapacha walewale.

"Ulijua," nikasema.

"Nilimpelekea. Akasema zimechafuka."

"Ukasemaje?"

Akaangalia sinki. "Unajua nilivyosema."

Mkono ulinipanda nimzabe kofi. Nadhani aliuona, maana hakurudi nyuma, alisimama tu kuusubiri.

"Wewe uliambiwa rudia, ukarudia," akasema. "Mimi niliambiwa niachane nayo, nikaachana nayo, nikaenda kuandika tasnifu. Kila nikikuona na betri ya shemeji nilikuwa naomba Mungu upate jibu jingine. Chukua. Sahihi yangu ipo. Ukiulizwa umezipata wapi, sema nimekupa mimi."

Sijamsamehe. Lakini nimemwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza, na yeye akashtuka kuliko ambavyo angeshtuka kwa kofi.

Jumanne, 6 Mei

Nilimkuta Mwalimu kwenye chumba cha walimu, vipindi vimekwisha, mbele yake mlima wa madaftari. Alifurahi kuniona. Hilo sitalisahau. Alidhani nimeleta habari njema.

"Dada, karibu! Profesa amekutuma?"

"Hapana, Mwalimu. Nimejituma."

Nikamwekea grafu. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, hayakuhitajika. Alisoma kwanza mhimili wa chini, kisha wa pembeni, kama anavyowafundisha wanafunzi wake bila shaka.

"Huu ni wa seli zenye ugonjwa?"

"Ndiyo."

"Na huu, seli zisizo na huo mlango?"

"Ndiyo."

"Basi ni mstari mmoja."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaweka kalamu chini taratibu. Nje watoto walikuwa wakirushiana maji ya dimbwi, wanacheka.

"Umejua lini?"

"Tarehe saba Aprili."

Aligeuka kutazama kalenda ukutani. Midomo ilicheza kidogo. "Siku ishirini na tisa."

"Nilikuwa nasubiri kurudia. Halafu Profesa akanihamisha, halafu…"

"Usiniambie halafu." Hakupaza sauti. "Mwezi wa tatu mwanangu alikuwa anakwenda chooni mwenyewe. Sasa namshika. Wewe ulikuwa na karatasi hii begini, mimi nilikuwa naandika barua ya kuomba radhi hospitali ile, nikiwaambia waendelee kunisubiri. Unajua nilikuwa nawajivunia nyinyi? Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu: someni hesabu, muwe kama wale."

Nilitaka anipigie kelele. Hakunipa nafasi hiyo. Alikunja grafu, akaitia kwenye mkoba, akachukua simu na kuwapigia hospitali nikiwa nimesimama palepale. Walimwambia nafasi bado ipo, wiki mbili zimebaki, ila watampima kwanza. Sharti: mtoto atembee hatua kumi bila kushikwa.

"Unaweza kwenda sasa," akaniambia.

Jumatano, 7 Mei

Nilimwambia Profesa mwenyewe nilichofanya, kabla hajasikia kwa mwingine. Akanitazama kama mtu aliyekuta mwizi na kumbe ni mtoto wake. "Toka," akasema. Saa tano nilipewa barua: nimesimamishwa, nisikanyage maabara mpaka kamati ikae. Mlinzi wa getini, ambaye nimemwamkia kila asubuhi kwa miaka tisa, alilazimika kupekua begi langu. Aliona aibu kuliko mimi.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Nimefua kila kitu, hakuna kinachokauka.

Jumatatu, 19 Mei

Mwalimu alipiga simu saa nane mchana. Sikutegemea.

"Saba," akasema.

"Mwalimu?"

"Alikwenda saba. Ya nane akamshika muuguzi gauni. Wakampumzisha, wakampa nafasi nyingine. Tano." Nikamsikia anavuta pumzi. "Walikuwa wema sana. Hilo ndilo baya, sina wa kumchukia kule."

Nikasema pole, na neno lenyewe likanisuta.

"Sikukupigia ili unipe pole. Awamu nyingine itafunguliwa mwezi wa tisa. Wangu hataweza tena. Lakini kuna familia nne nyingine zimekataa kujiandikisha kule kwa sababu zinamsubiri Profesa wenu. Nimewaeleza, hawaniamini. Wanasema mimi nina uchungu, nimechanganyikiwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne, darasani kwangu. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Sijakusamehe."

"Najua, Mwalimu."

Nimekaa sebuleni nikahesabu kwa macho. Ile siku ya wageni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, mtoto yule alikwenda si chini ya hatua kumi na tano. Nilikuwa hapo. Nilimwona. Mume wangu ameniletea maji, akakaa karibu, na kwa mara moja maishani mwake hakusema lolote kuhusu majokofu.

Jumatano, 28 Mei

Ndiyo-Profesa (mkono umeshazoea) amenipigia. Leo ilikuwa zamu yake kuwasilisha kazi mbele ya idara nzima. Profesa alikaa mstari wa mbele. Akaonyesha kurasa zake nne, kisha grafu zangu tatu, akataja jina langu. Mkuu wa idara akamgeukia Profesa: "Una la kusema?" Profesa akasimama, akatazama ukuta ule wenye mistari, akasema, "Zilikuwa safi. Seli zilikuwa safi tangu mwanzo." Akatoka. Mchana maombi ya majaribio kwa watoto yaliondolewa kwa barua ya mistari mitatu: "sababu za kiufundi."

Sababu za kiufundi! Hakuna mtoto humo, hakuna Mwalimu, hakuna ishirini na tisa. Nilidhani siku hii nitapiga vigelegele. Nimebaki nimekaa na hasira isiyo na pa kwenda, na nusu yake inanirudia mwenyewe.

Kamati yangu haijakaa bado.

Jumamosi, 31 Mei

Darasani tulikuwa wanane, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Binti wa Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amefungwa kanga kiunoni asiteleze. Mvua imekwisha, madirisha yote yalikuwa wazi.

Nilieleza kifuko, mlango, tindikali. Nilieleza taa iliyozimwa. Mwalimu alichora ubaoni nikisema, na nilipokimbiza maneno aliniambia, bila kunitazama, "Polepole. Wape mhimili kwanza."

Baba mmoja, dereva wa malori, alikuwa amekunja mikono tangu mwanzo. Akanikatiza.

"Wewe ndiye uliyejua ukanyamaza mwezi mzima?"

"Ndimi."

"Halafu leo unataka tukuamini."

"Siombi mniamini mimi. Itazameni mistari."

Akanyanyuka, dawati likagonga ukuta. "Twende," akamwambia mkewe. "Sitafundishwa na mtu wa aina hii."

Mkewe hakunyanyuka. Alikuwa mwanamke mdogo, hakuwa amesema neno tangu tuingie. Alimvuta shati kwa nyuma.

"Kaa chini, baba," akasema. "Wetu bado anatembea."

Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, anaupiga mstari wa pili juu ya ule wa kwanza. Chaki ilisimama. Darasa zima tulisikia ilivyosimama. Kisha ikaendelea, hadi mwisho wa ubao, na yule dereva akaketi.